Radi Hapai

Jumatatu, 15 Mei

Pondu, majani yale yale ya muhogo, bila samaki, tena. Umeme hakuna, hilo hata si habari. Trésor amechelewa, tena, na mimi sipendi mdogo wangu azurure ovyo wakati askari wa majeshi mawili ya kigeni wamejaa hapa kwetu. Mama yuko Banalia. Barabara imefungwa. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa: Justin, usimwache mdogo wako. Rahisi kusema.

Kaingia anacheka peke yake. Amechaguliwa. Yeye ndiye atakuwa Radi katika ule mchezo wa nyimbo wa Papa Mumbere. Nilimpa hongera kama mtu anayetoa pole. Ameona, lakini furaha ilimzidi, akala pondu yote.

Radi! Radi wetu, wa vitabu vya picha alivyochora Tonton Bosco, ambavyo kila mtu Kisangani alivisoma kabla karatasi hazijakwisha. Sasa wanataka kumwimbisha.

Jumamosi, 20 Mei

Tumekutana barazani kwa Saidi, kama kila Jumamosi. Sisi washabiki tumebaki watatu tu: mimi, Saidi ambaye anaendesha toleka, baiskeli ya kubeba abiria, na kutengeneza za wenzake, na jirani yangu Mama Albertine anayeuza mikate ya mafuta. Mama Albertine ndiye mwenye vitabu vyote vya Radi, kuanzia cha kwanza, kwenye sanduku la bati. Ukiazima kimoja lazima unawe mikono mbele yake.

Leo hatukusoma. Tumelalamika tu. Saidi alikuwa moto. Amesikia taa za mchezo zimeletwa kwa ndege mpaka uwanja wa Simi-Simi. Vitambaa pia, na jenereta mpya. Chumvi inatafutwa sokoni kama dawa, huyu mzee analeta taa za rangi! Papa Mumbere ni mfanyabiashara wa jumla, mtu wa Butembo, mtu wa misa kila asubuhi. Meli haziendi tena Kinshasa, mali yake haitoki, pesa yake imefungwa humu mjini pamoja na sisi. Basi amegeuza depo lake tupu la kahawa kuwa ukumbi. Afadhali angenunua samaki.

Kisha Saidi akatoa habari yenyewe. Radi atapaa. Watamfunga kamba ya chuma, atainuka juu ya watu huku anaimba.

Nilisimama. Radi hapai! Mtoto wa darasa la kwanza anajua. Radi ni mvuvi wa maporomoko, ana wavu begani, anapiga mluzi, basi. Nguvu yake ni moja tu: akianza kutembea, hakuna kizuizi cha kumsimamisha. Si ukuta, si mto, si askari. Anatembea kwa miguu yake. Wanaopaa tunawajua. Wanatua Simi-Simi, wanapakia vyetu, wanapaa.

Saidi alipiga makofi. Mama Albertine hakupiga. Alikuwa anapangusa sanduku lake. Akasema, "Miye minataka tu kuona mutu moja anatoka hapa. Hata kwa kamba."

Tulimcheka. Mama huyu ana moyo mwepesi mno kuwa mshabiki.

Jumatano, 24 Mei

Nimekwenda mazoezini baada ya kufundisha. Darasani walikuja watoto wachache, wengine wazazi wanaogopa. Siwalaumu.

Ovyo. Ovyo kabisa. Wamemvalisha Trésor joho jekundu la mahameli, refu mpaka chini. Radi hana joho! Viatu vya ngozi mpaka magotini. Radi yuko peku, anashika mawe kwa vidole. Wavu haupo. Mluzi haupo. Badala yake kuna wimbo, "Mimi Radi, mimi juu," unarudiarudia mpaka meno yanauma.

Mwenye kuongoza ni Maître Gaspard, mtu wa Kinshasa. Alikuja kwa harusi ya binamu yake, vita ikafunga mto nyuma yake, na mpaka leo anavaa suti ya ile harusi. Anazungumza Kifaransa na Lingala, Kiswahili chetu kinamtoka kama mfupa. Nilimweleza kwa adabu. Halafu bila adabu. Nikiwa nyuma ya ukumbi nilipaza sauti: Radi hapai! Watu wakaangua kicheko. Sasa wana jina langu. Monsieur Hapai.

Trésor hakucheka. Alitazama viatu vyake vya ngozi.

Jumapili, 28 Mei

Misa, halafu ugomvi. Nilimwambia Trésor mambo yote yaliyonikera: rangi, joho, wimbo, viatu, hata namna anavyoshika kiuno akisimama. Aliniacha nimalize. Halafu akasema, "Yaya, kaka yangu, umesema yote. Kama mi naogopa, hujauliza."

Nikamuuliza kama anaogopa. Akasema basi, imeshapita. Nimekasirika kwa sababu ana haki.

Wanasema risasi zimelia tena upande wa daraja la Tshopo, si mbali na mtaa wetu. Askari wageni wa ng'ambo ya daraja hawapatani na wageni wenzao wa mjini. Walikuja pamoja, sasa wanagombana nani akae kwetu. Na sisi wenye nyumba tuko katikati. Kaskazini huendi, kusini huendi, mtoni huendi. Mji mzima umefungiwa ndani kama kuku.

Alhamisi, 1 Juni

Nimeiona ile kamba.

Nilikwenda kugombana juu ya wavu. Hapakuwa na mtu jukwaani, nikapanda ngazi mpaka pale puli ilipofungwa. Kamba yenyewe wameitoa kwenye kivuko cha zamani, kile kinachooza ufukweni tangu meli ziache kuja. Imejaa kutu. Mahali karibu na ndoano nyuzi za chuma zimekatika, zimesimama kama nywele za paka mwenye hasira. Zimenichoma kidole. Damu.

Nilishuka mbio. Nikamwambia Maître Gaspard: kamba mbovu, itakatika, mdogo wangu ataanguka kwenye saruji. Alinitazama. Halafu akageukia wenzake na kusema, "Bon. Monsieur Hapai amepata njia mpya."

Walicheka wote. Wapiga ngoma, wanawake wa kwaya, wote. Nikaonyesha kidole. Wakazidi kucheka. Maître akasema wameshajaribu kwa gunia la chumvi, likapanda na kushuka salama. Nilimwambia gunia haliimbi, halirushi miguu. Akanipigapiga begani.

Mimi mwenyewe nimejiletea haya. Nimepiga kelele juu ya joho, nikapiga kelele juu ya viatu, kelele ile ile. Sasa nina neno la kweli na sauti imekwisha thamani.

Naogopa. Naandika hivyo wazi, naogopa.

Ijumaa, 2 Juni

Leo nimejidhalilisha. Nimekwenda dukani kwa Papa Mumbere, nikavua kofia. Nikamwambia joho ni zuri. Wimbo ni mzuri. Viatu vinampendeza. Radi anaweza kuimba, Radi anaweza kupaa, hata akitaka kucheza mpira apewe. Kitu kimoja tu naomba, papa: badilisha kamba.

Mzee alinisikiliza hadi mwisho, mikono juu ya kaunta. Kisha kwa upole kabisa akasema, "Mwalimu, unanichezea."

Niliapa kwa jina la mama. Akasema kamba nyingine haipo mji mzima, ameshatafuta, na ile ilikuwa inavuta kivuko chenye malori. Alisema pia watu wa mji huu wanahitaji kutazama juu kidogo. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilikuwa nimemwona kama tajiri mpumbavu. Sijui tena yeye ni nini.

Trésor amesikia nimekwenda. Ameona aibu. Hakula.

Jumamosi, 3 Juni

Kwa Saidi. Nimewaeleza. Saidi anajua nyaya za breki, akasema waya ukianza kufumuka haurudi. Mama Albertine akanifunga kidole kwa kitambaa. Ameshashona nguo ya kuvaa siku ya mchezo. Kitenge kipya. Aliniuliza kama Trésor atapaa juu sana, mpaka kwenye mabati. Nilimwambia mama, hapana, hasikii ninachosema? Akasema anasikia. Ila aliendelea kutazama juu.

Jumatatu mchana watamfunga Trésor kwa mara ya kwanza.

Jumapili, 4 Juni

Nimeiba kamba.

Wakati wa misa, wote wakiwa kanisani. Saidi hana misa, alinisubiri nje na toleka yake. Kamba nzito, Mungu wangu! Tuliizungusha kwenye kikapu, tukaifunika kwa majani ya pondu. Kwenye kizuizi cha barabarani askari akaingiza mkono, akashika chuma. Saidi akasema ni ya kisima. Askari alichukua pondu, akatuacha.

Iko chini ya kitanda changu. Nilifikiri nitasikia nafuu.

Trésor alijua kabla hajaingia ndani. Habari ilikuwa imemfika barabarani: kamba haipo, Maître Gaspard amekaa chini analia. Alisimama mlangoni. Hakutafuta, hakuinama kutazama chini ya kitanda. Akasema, "Wewe unapenda Radi wa karatasi kuliko mi."

Alikunja mkeka wake. Anakwenda kulala mjini, kwenye depo. Nilimwita, hakugeuka. Mama Albertine alimpa mikate juu ya ukuta, naye akapokea kwa mikono miwili. Akaondoka kwa kupinda pale kwenye mfereji.

Alale huko. Ana mikono na miguu mizima. Kesho ataelewa.

Jumatatu, 5 Juni

Asubuhi nilikuwa nasukutua mdomo. Mlio mmoja, halafu mingi, halafu hakuna tena kuhesabu. Wa mjini wanapiga ng'ambo ya daraja, wa ng'ambo wanapiga mjini. Kati yao kuna mto, na sisi.

Niko chini ya kitanda. Trésor yuko mjini. Njia ya kwenda mjini ni risasi tu.

Jumanne, 6 Juni

Chini ya kitanda. Mimi na kamba.

Inanuka mafuta ya zamani. Ile sehemu iliyofumuka inanigusa mbavuni nikigeuka. Maji yamebaki kwenye ndoo, lakini ndoo iko upande wa dirisha.

Mama Albertine anaita juu ya ukuta mara kwa mara. "Mwalimu, ungali?" Naitika ningali. Namwuliza na yeye. Anasema angali, na sanduku lake lingali. Nilimwambia avuke aje kwangu. Akasema nyumba yake ina boriti za mti mgumu, za wakati wa mkoloni, kwangu mabati matupu. Kweli.

Kama nisingeiba, Trésor angekuwa hapa. Nimeligeuza jambo hili kila upande, halibadiliki.

Jumatano, 7 Juni

Ule wimbo wa kijinga hautoki kichwani. Mimi Radi, mimi juu. Bomu likianguka karibu, kichwa changu kinaimba. Nimeuimba kwa sauti. Nikimwiga Trésor, namna anavyovuta mwisho. Anauvuta vizuri. Sikuwahi kumwambia.

Mama Albertine aliusikia juu ya ukuta. Akacheka! Akauliza kama mchezo umeanza bila yeye.

Alhamisi, 8 Juni

Nyumba ya Mama Albertine imepigwa. Mchana, wakati nilikuwa nimefumba macho. Vumbi limeingia hadi mdomoni.

Naita. Naita tena.

Ijumaa, 9 Juni

Nimejaribu kutoka kwenda kwake. Nimefika mlangoni. Kitu kimepasua ukuta wa bafu mbele yangu, nikarudi kwa tumbo. Mimi ni mwoga. Naita kila nikipata pumzi, hakuna sauti.

Maji yamekwisha.

Jumamosi, 10 Juni

Kunanyamaza, halafu kunaanza. Sijui nani anashinda. Sitaki kujua. Mama, nimemwacha. Samahani, mama.

Jumapili, 11 Juni

Kimya. Tulitoka mmoja mmoja, weupe kwa vumbi. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Albertine. Paa limeketi chini. Boriti kubwa imelalia chumba anacholala. Tulichimba kwa mikono na masufuria. Boriti haikusogea.

Nilikuwa nimepiga magoti pale niliposikia mluzi.

Mluzi wa Radi. Namna anavyopiga anapofika kijijini, mfupi mfupi mrefu, kama ilivyoandikwa ukurasa wa mwisho wa kila kitabu. Nikainua kichwa. Trésor anakuja kwa miguu kutoka upande wa mjini, amevaa vile viatu vya ngozi, joho amelikunja kwapani. Usoni ni vumbi tupu. Amepita vizuizi vyote. Viko vitupu, askari wa hapa wamekimbia, wa pale wamelewa.

Nilimshika. Nilimpiga kofi, halafu nikamshika tena. Akasema depo limepoteza paa, wenzake wazima, Maître Gaspard ameumia sikio. Waliishi kwa kulamba chumvi ya lile gunia na kunywa maji ya mvua.

Hakuniuliza juu ya kamba. Alitazama ile boriti.

Jumatatu, 12 Juni

Trésor ameivuta kamba kutoka chini ya kitanda changu. Nilimwambia itakatika. Nilimwonyesha ile sehemu. Saidi alikuja, mzima, toleka yake imepinda. Na yeye akasema itakatika, tukae mbali.

Trésor alipanda juu ya kifusi, akazungusha kamba kwenye boriti na kufunga kama Maître alivyomfundisha kufunga mwili wake. Upande wa pili akaupitisha juu ya panda ya mti wa parachichi. Mtaa mzima ukashika. Papa Mumbere naye alikuwepo. Alikuwa amekuja kwa miguu kuuliza kama kijana wake wa mchezo yuko hai. Alivua koti akashika nyuma yangu, nasikia pumzi yake shingoni.

Tulivuta. Boriti ikalia. Nilikuwa natazama ile sehemu iliyofumuka, inapita mbele ya uso wangu, imekazwa kama mshipa. Nilikuwa nasubiri. Mungu anisamehe, sehemu fulani ndani yangu ilitaka ikatike.

Haikukatika.

Boriti ilinyanyuka, ikasimama, tukaisukuma pembeni. Mama Albertine alikuwa chini yake, amelala kwa ubavu, amevaa kitenge kipya. Sanduku la bati amelikumbatia. Alikuwa amekwisha zamani.

Njia ya makaburi imejaa mabomu ambayo hayajapasuka. Tumemzika ndani ya uwanja wake, kama wengine wanavyozika wao. Sanda haikupatikana. Trésor alikunjua joho. Lile jekundu. Nilimsaidia kulitandaza. Ni zito, lilimfunika mpaka miguuni na likabaki.

Matanga bila viti, bila kahawa. Saidi alisoma dua yake, sisi yetu.

Jumapili, 18 Juni

Pondu bila samaki. Umeme hakuna. Trésor hakuchelewa, yuko nje anakata kuni. Hatuzungumzi sana, lakini mkeka wake umerudi mahali pake.

Barabara ya Banalia bado imefungwa. Tumemtumia mama salamu kwa mtu anayesema atapita porini. Labda.

Papa Mumbere amepita. Mchezo hautakuwepo. Taa zimevunjika, nguo zimeungua. Nilimwambia aichukue kamba yake. Akasema kaa nayo, mwalimu, mtaani itahitajika tena. Kwenye kizingiti aligeuka akauliza kama ule wavu wa Radi ulikuwa wa matundu makubwa au madogo. Madogo, nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata jibu la kitu kikubwa.

Sanduku la Mama Albertine liko kwangu. Nanawa mikono kabla ya kulifungua.

Mchana nilikaa mlangoni na ile kamba magotini. Nilitafuta ile sehemu karibu na ndoano. Nyuzi ni zile zile zilizokatika zamani. Hakuna hata mmoja ulioongezeka. Na ile boriti ilihitaji mtaa mzima, wakati Trésor namwinua mimi peke yangu.

Kama si vita, angepaa. Mama Albertine angemwona.